SOMO LA MWEZI: USINGIZI UNAPOKIMBIA – KUUTAMBUA UGONJWA WA BIPOLA



Baada ya ibada ya Jumapili moja mama mmoja wa mtaa wetu alituvuta kando, akauliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, mtu akisali usiku kucha siku nne mfululizo bila kulala, kisha akagawa mbuzi wote wa nyumbani, huo ni wokovu au ni ugonjwa?” Alikuwa akisema habari za mdogo wake, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Hatukumjibu upesi. Tulimwuliza maswali machache, nasi twaona ni vema maswali yale yale tuyaweke katika ukurasa huu, maana nyumba yenye swali kama lake si moja.

Ugonjwa tunaokusudia kuusoma madaktari huuita bipola, yaani wenye ncha mbili. Mgonjwa hupanda, akawa juu ya kawaida yake kwa siku na majuma. Tena hushuka, akawa chini ya kawaida yake kwa majuma na miezi. Na katikati ya ncha hizo mbili aweza kukaa mzima kabisa, akilima, akifundisha, akiimba kwaya, hata jirani wasijue neno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 ulimwenguni walikuwa nao. Si ugonjwa wa Wazungu, wala si wa wasomi, wala si wa waliorogwa. Aghalabu huanza katika ujana, tangu umri wa kumaliza shule hadi miaka ishirini na mitano hivi, ndiyo maana sisi walimu tuliuona mara nyingi kuliko tulivyoujua.

Wala si jambo jipya. Tabibu wa kale Aretayo wa Kapadokia, katika karne za kwanza baada ya Kristo, aliandika habari za wagonjwa waliocheka na kucheza mchana na usiku, na za wengine waliozama katika huzuni. Mwaka 1854 huko Paris madaktari wawili, Falret na Baillarger, waligombana ni nani aliyetangulia kuona kwamba kupanda na kushuka ni ugonjwa mmoja, si magonjwa mawili. Mwaka 1899 Mjerumani Emil Kraepelin aliutenga na magonjwa mengine ya akili kwa kutazama mwendo wake wa miaka, si hali ya siku moja. Jina la bipola liliingia katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Katika hayo yote tushike neno moja: mwendo wa miaka. Mtu hapimwi bipola kwa kutazamwa alasiri moja.

Tuanze na kupanda, maana huko ndiko tunakopotea. Hali hii madaktari huiita mania. Kwanza tazameni usingizi. Mtu mwenye mashaka hukosa usingizi, akaamka amechoka. Huyu hulala muda wa saa mbili tu, pengine halali kabisa, tena haoni haja. Alfajiri yu macho, ana nguvu tele, na anashangaa kwa nini ninyi wengine ni wavivu. Pili sikilizeni maneno. Yanatoka kama maji ya mfereji uliobomoka, hamwezi kutia neno kati, na habari moja haijaisha amekwisha rukia ya pili na ya tatu. Kila kinachopita dirishani humvuta. Anajiona mkubwa: ana ujumbe kwa rais, ana ufunguo wa utajiri wa kijiji, ameteuliwa. Anaanza kazi kumi kwa siku. Fedha zinamtoka mikononi. Siku hizi hana haja hata ya kwenda dukani, hukopa kwa simu na kuwatumia watu kwa simu. Mwenye adabu ya ndoa aweza kuivunja. Na msidhani daima ni furaha. Wengine hupanda kwa ukali, mtu akimpinga kidogo huwaka.

Madaktari wakihesabu, hutaka mambo matatu ya namna hii au zaidi, pamoja na furaha iliyopita kiasi na nguvu zilizozidi. Ikiwa hali ni ya ukali tu bila furaha, hutaka manne. Tena yawepo karibu kila siku kwa muda wa juma zima. Lakini kama mtu amefikia kupelekwa hospitali kwa lazima, hawangoji juma liishe. Ipo pia hali ndogo ya kupanda, iitwayo haipomania, ya siku nne au zaidi: watu wa karibu wanaona amebadilika, lakini kazi yake haijaharibika na hajaanza kuona au kusikia yasiyokuwapo. Mwenye kupanda huku kudogo, pamoja na vipindi vya kushuka sana, huhesabiwa kuwa na bipola ya aina ya pili. Aliyewahi kupata mania kamili hata mara moja huhesabiwa aina ya kwanza.

Hapa yatupasa kueleza jambo letu wenyewe. Katika chuo cha ualimu tulikofundisha alikuwapo mwanachuo mmoja, hodari wa hesabu, mpole, mtoto wa mwinjilisti. Muhula wa pili akabadilika. Usiku alikuwa akiandika mtaala mpya wa shule za msingi za nchi nzima, ubaoni, kwenye karatasi za mtihani, hata ukutani mwa bweni. Alikopa fedha kwa wenzake na kwa mwenye duka, akanunua madebe ya rangi ili akipake chuo chote. Mbele ya watu wote alimwambia mkuu wa chuo kwamba yeye amepewa cheo kumpita waziri. Wengine tulisema ni bangi. Wengine walisema ni majini. Akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, nasi tulikuwa wajumbe. Alisema dakika arobaini bila kumeza mate, tukamwona mfidhuli. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama kijana yule analala. Barua ya kumfukuza ina sahihi yetu pamoja na za wengine.

Miaka tisa baadaye tulimkuta stendi ya mabasi. Alitutangulia yeye: “Shikamoo, Mwalimu.” Tukaketi naye kwenye benchi, akatusimulia. Alipofika kwao kutoka chuoni alianguka, akalala miezi minne akiutazama ukuta; jamaa wakasema ni aibu ya kufukuzwa. Akainuka, akaanguka tena. Mara mbili alipelekwa kutibiwa, na mara zote mbili alipewa dawa za huzuni peke yake. Mara ya pili, baada ya majuma machache, alipanda kama moto wa nyika hata wakamfunga kamba. Ndipo akapelekwa hospitali kubwa. Huko mwuguzi mmoja hakuanza na mgonjwa. Alimketisha mama yake, akamwuliza: “Mama, kabla hajaanza kulala namna hii, palikuwa na wakati ambapo hakulala kabisa?” Mama akafungua kinywa, na habari zote zikatoka, tangu mtaala ule wa ukutani. Akapewa dawa nyingine. Tulipokutana naye alikuwa na mwaka wa nne bila kuanguka, anatunza vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika. Hakutulaumu. “Mwalimu, hamkujua,” alisema. Ni kweli, hatukujua. Lakini pia hatukuuliza.

Kisa hiki chaonyesha kwa nini ugonjwa huu huchukua miaka mingi kupata jina lake. Mtu aliyepanda haendi hospitali. Aende kwa nini, naye hajapata kujisikia mzima namna ile? Huenda akiwa ameshuka, na daktari humwona aliyeshuka tu. Akiulizwa, mwenyewe ama amesahau zile siku za juu, ama azikumbuka kuwa siku njema. Basi hupewa dawa za sonona peke yake, na kwa mwenye bipola dawa hizo zisipofuatana na nyingine zaweza kumrusha juu. Kwa hiyo shahidi mkuu si mgonjwa. Shahidi ni mkewe, mama yake, kaka yake, anayelala naye chumba kimoja. Ndugu, mkimpeleka mgonjwa msimwache mlangoni pa daktari mkaenda kununua ndizi. Ingieni naye, akikubali, mkaseme.

Sasa turudi kwa swali la yule mama, kwa maana ni swali la kanisa. Mtu akipanda katika nyumba ya Kikristo, mara nyingi hupanda kwa maneno ya Kikristo, kama mwana siasa apandavyo kwa maneno ya siasa. Huhubiri sokoni, hufunga siku nyingi, hukesha, hutoa mali. Nasi humpigia makofi na kusema moto umeshuka. Miezi mitatu baadaye amelala ndani hajiwezi, tunasema amerudi nyuma. Mara zote mbili tumemkosea. Lakini pia tusikimbilie upande wa pili. Festo alimsikiliza Paulo, akamtangaza mwenye wazimu. Na watu wa jamaa ya Bwana wetu walitoka kwenda kumkamata wakidhani amerukwa na akili. Bidii si ugonjwa. Anayetoa sadaka kubwa si lazima awe mgonjwa, wala anayekesha mkesha wa Pasaka.

Tutofautisheje? Kwa maoni yetu yafaa kutazama mtu, si maneno yake. Je, hii ni tabia yake ya siku zote, au ni badiliko lililoingia kwa siku chache kama mgeni? Akimaliza kukesha, hulala kama watu? Ukimwambia, “Ndugu, tungoje kidogo, tushauriane na padre,” aweza kungoja? Paulo alimjibu Festo kwa utaratibu na heshima, hoja kwa hoja. Aliyepanda hawezi kungoja, na kila azuiaye amekuwa adui wa Mungu. Tena tazameni watoto wake: wamekula? Ada imelipwa, au imegawiwa stendi?

Kushuka kunajulikana zaidi, ingawa nako hukosewa. Kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, moyo ni mzito au kila kilichokuwa kitamu kimekuwa kama majivu. Hali chakula, au anakula kupita kiasi; hapati usingizi, au analala mchana kutwa; mwili ni mzito, akili haishiki, anajiona hana thamani, anajihukumu kwa makosa ya miaka ishirini iliyopita, anafikiri habari za kufa. Huku kwetu wengi hawasemi “nina huzuni.” Husema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mgongo unauma, nao hupewa dawa za malaria mara tatu. Someni tena 1 Wafalme 19. Hatusemi nabii Elia alikuwa na bipola. Lakini mtu aliyekimbia mbele ya gari la Ahabu alilala chini ya mretemu akiomba afe, na malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Maneno yalikuja baadaye. Hata mtunzi wa tenzi William Cowper, aliyetunga pamoja na John Newton kitabu cha tenzi za Olney cha mwaka 1779, alishuka vibaya mara kadhaa. Mwaka 1763 alijaribu kujiua, akatunzwa katika nyumba ya daktari Nathaniel Cotton huko St Albans. Kama ilikuwa bipola au sonona tupu, mtu hapimwi kaburini. Imani alikuwa nayo.

Ziko pia siku ambazo ncha hizi mbili huchanganyika: nguvu za kupanda zikakutana na mawazo ya kushuka, mtu hatulii, halali, tena anataka kufa. Hizo ni siku za hatari kuliko zote.

Neno dogo kwa vijana wetu, ambao siku hizi humwita bipola kila mtu aliyekasirika asubuhi akacheka adhuhuri. Huyo ana moyo kama wetu sote. Bipola hupimwa kwa siku nyingi na kwa majuma, si kwa saa.

Je, hospitali watafanya nini? Wengi huuliza kama kuna kipimo cha damu cha bipola. Hakuna, wala picha ya kichwa haionyeshi. Damu itachukuliwa hata hivyo, kwa sababu nyingine: kutafuta magonjwa yanayojifananisha nao. Tezi ya kooni ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu ahangaike asilale, ikizembea humlaza. Malaria iliyopanda kichwani, kaswende ya muda mrefu, virusi vya UKIMWI vikifika ubongoni, kifafa, hata malale kule kwenye mbung'o, vyaweza kumbadili mtu akili. Kadhalika pombe, bangi na mirungi, na baadhi ya dawa za hospitali, kama zile za jamii ya steroidi wapewazo wenye pumu. Msione haya kutaja alichokunywa au alichotafuna, wala msifiche dawa za mganga wa kienyeji. Kisha daktari atauliza habari za ukoo, maana ugonjwa huu hufuata damu. Kuwa na mzazi mgonjwa huongeza hatari, ingawa wengi wa watoto wa wagonjwa hawaupati kamwe. Kwa hiyo hakuna haki ya kuvunja uchumba wa binti kwa ajili ya baba mdogo wake aliyewahi kulazwa. Wapo wanaoliogopa jina la Mirembe pale Dodoma kama tusi, nasi tulilitumia hivyo utotoni. Ni hospitali, na watu hutoka humo wakarudi kazini.

Kwa akina mama wa Umoja tuna neno la pekee. Mama aliyejifungua akikosa usingizi hata wakati mtoto amelala, akaanza kusema mambo yasiyoeleweka, kushuku watu au kuchangamka kupita kiasi katika siku au majuma ya kwanza, msingoje arobaini iishe. Pengine ndivyo bipola ijitokezavyo kwa mwanamke mara ya kwanza, na huharibika upesi, ikawa hatari kwake na kwa mtoto. Apelekwe siku ile ile, mtoto akiwa mikononi mwa bibi au mama mdogo. Na aliyewahi kupata hali hiyo amweleze mkunga mapema akishika mimba nyingine.

Tulimpa yule mama kazi ya kiualimu, nayo haina gharama ila daftari la kurasa arobaini. Kila siku mstari mmoja: tarehe, amelala saa ngapi na kuamka saa ngapi, moyo wake, juu, kawaida au chini, fedha iliyomtoka, dawa aliyokunywa, na jambo lolote jipya, kama msiba, safari au ugomvi. Kwa mwanamke na siku zake ziandikwe. Aandike mtu mmoja, bila kumvizia mgonjwa; na mgonjwa akiwa ametulia aandike mwenyewe. Kando yake mwandike, kwa kukumbuka, vipindi vya nyuma: mwaka gani alilala mezani kwa huzuni, mwaka gani aliuza baiskeli. Daftari la miezi miwili humsaidia daktari kuliko hotuba ya ukoo mzima. Usingizi ukianza kupungua siku mbili tatu kwa mtu aliyewahi kupanda, hiyo ni kengele. Mpelekeni kabla hajaukataa msaada.

Akisema amechoka kuishi, mwulizeni waziwazi: “Unafikiri kujiua?” Wengi huogopa kwamba swali litampa wazo. Halimpi. Humfungulia mlango. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za mashamba na vidonge vipelekwe kwa jirani, na safari ya hospitali iwe siku hiyo hiyo.

Habari za dawa ni somo jingine, kwa hiyo tutapita upesi. Ipo chumvi ya lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari za kuwatibia wagonjwa wa mania mwaka 1949, na bado inatumika. Hutaka damu ipimwe mara kwa mara, na mgonjwa akiharisha sana au akitaka kumeza dawa za maumivu kama ibuprofeni amwulize daktari kwanza. Ziko na nyingine. Valproeti ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, basi mwanamke wa umri wa kuzaa aseme na daktari. Tunalotaka kulitia mkazo ni hili: tumewasikia watu wa kanisa, si wa mtaa wetu tu, wakimwambia mgonjwa atupe vidonge kwa kuwa ameombewa. Padre na aje na mafuta, na daktari na atoe vidonge. Mgonjwa aliyeombewa ambaye amelala vizuri miezi sita analala vizuri kwa sababu anameza dawa, na kuziacha ghafula ni njia ya kurudi shimoni. Kama Bwana amemponya kabisa, daktari hatashindwa kuona, naye ndiye atakayezipunguza polepole.

Mdogo wake yule mama alikubali kwenda hospitali siku ya tano, dada yake akiwa na daftari mkobani. Daktari hajaupa ugonjwa jina. Amempa dawa za kumtuliza alale, amepima damu, amesema arudi baada ya majuma mawili, tena baada ya mwezi, na daftari lije. Mbuzi walikuwa sita. Wanne wamerudishwa na majirani. Wawili walikuwa wamekwisha chinjwa.

Kwa mazungumzo ya vikundi vya Jumatano: Je, katika mtaa wetu yuko mtu tuliyemwita mlevi, mvivu au aliyerudi nyuma, ambaye hatukuwahi kuwauliza wa nyumbani mwake habari za usingizi wake? Someni Matendo 26, mstari wa 24 na 25, pamoja na 1 Wafalme 19, mstari wa 4 hadi wa 8: Festo alikosea wapi, na malaika alianza na nini? Nani katika kikundi chenu aweza kumsindikiza jirani hospitali siku ya kazi, na nauli itatoka wapi?